Wanangu wamenikatia tiketi ya meli ya kitalii, nami niliapa sitabebwa tena

BARUA

Dada mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Tanga. Sasa ni miaka mingi naishi Houston, Texas, nilikomfuata mume wangu, Mungu amrehemu. Polio ilinipata nikiwa bado najifunza kutembea. Mguu wa kushoto hauna kazi, wa kulia unanisaidia kusimama na kupiga hatua mbili tatu nikiwa na magongo. Ndani ya nyumba natumia magongo, nikitoka natumia kiti cha magurudumu. Gari naendesha mwenyewe, breki na mafuta vimefungwa vya mkono. Kazi yangu ni ukalimani kwa simu: daktari yuko upande mmoja, upande wa pili yuko mama wa Kivu au wa Burundi aliyeletwa huku kama mkimbizi, nami niko katikati. Nayasema haya ili usije ukaniwazia kama mtu wa kukaa pembeni akisubiri kuhurumiwa.

Mwakani natimiza miaka 60. Watoto wamechangishana, wamenilipia amana ya safari ya meli ya kitalii ya siku saba. Inaondoka Galveston, bandari ya huku Texas, inapita Roatán kule Honduras, inakwenda Belize, inamalizia Cozumel ya Mexico, kisha inarudi. Walinitangazia siku ya Idi mbele ya wageni. Watu wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga. Walipoondoka nikakaa jikoni mpaka alfajiri.

Sababu ni hii. Zamani, kabla sijahamia huku, nilikuwa nakwenda Unguja kwenye arusi ya mtoto wa dada yangu. Pale bandarini Dar es Salaam maji yalikuwa yamekupwa, ngazi ya kupandia boti imesimama kama ya kupandia darini. Wachukuzi wanne wakanijia. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mmoja akashika kiti huku, mwingine kule, wakaninyanyua juu mabegani wakipiga kelele, "Pisha! Pisha, mgonjwa!" Kanga niliyojifunika miguuni ikanasa kwenye spoki za gurudumu ikavutika yote. Vyuma vya miguu vikawa wazi mpaka juu ya magoti, foleni nzima inatazama. Nilikuwa nawaambia wanishushe, hawasikii, maana mimi nilikuwa mzigo, na mzigo hausemi. Waliponitua ndani wakanidai hela ya kubeba. Nikalipa. Mwanangu wa kwanza alikuwa nami, mtoto wa miaka sita hivi, ameukumbatia mkoba wangu. Tangu siku ile nikaapa kwamba mimi sitabebwa tena nikiwa hai. Kwenye ndege kuna kile kiti chembamba cha kupita katikati ya viti, najihamishia mwenyewe, naja na kurudi nyumbani bila kuguswa. Boti sijapanda tena.

Sasa wakala ametuma fomu. Inauliza kama kuna msafiri anayetumia kiti cha magurudumu, cha kusukuma au cha umeme, kina upana gani, kama anaweza kupanda ngazi, kama anahitaji msaada wa kupanda na kushuka melini. Mwanangu wa kwanza ananiambia, "Mama, andika tu unatembea, kwani uongo? Si unatembea na magongo? Ukiandika kiti watakuwekea masharti, Belize watakukatalia kushuka. Tukifika kwenye shida tutakubeba wenyewe, sisi wanao tupo." Binti yangu ni nesi, yeye anasema tuandike kila kitu, tena tumlipie mdogo wangu wa Dallas alale nami chumba kimoja anitunze. Kitinda mimba, ambaye ndiye aliyetoa fedha nyingi, hasemi neno, ananiangalia tu usoni.

Hii habari ya Belize ndiyo iliyonimaliza. Wakala amesema meli haifungi gatini pale, inatia nanga mbali, watu wanashushwa kwenye boti ndogo kupelekwa mjini. Mara moja nikasikia, "Pisha, pisha!"

Nikiandika kweli, naogopa watanikataa au watanifungia ndani ya meli kama mgonjwa, na safari ya watoto iharibike. Nikiandika nilivyoambiwa, najua nitaishia mikononi mwa watu. Nikisema siendi, nitawavunja moyo, na sababu siwezi kuwaambia, ni aibu yangu ya tangu zamani. Malipo ya mwisho yanakaribia. Nifanyeje dada?

Mama wa Watatu, Houston


JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu, na hongera kwa miaka 60 inayokuja.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nikirudi naona ina mambo mawili yaliyofungwa kitita kimoja. Liko la fomu: uandike nini, meli itakupokeaje, Belize itakuwaje. Hilo lina majibu mengi, na nitakupa yale ninayoyajua. Liko na la siku ile bandarini, ambalo watoto wako hawajalisikia, na kwa sababu hawajalisikia wanapanga safari yako kwa kutumia neno lilelile linalokunyima usingizi. Tuanze na jepesi.

Umeandika kana kwamba ukweli kwenye ile fomu ni kufuli. Hebu tuutazame kwa upande mwingine. Tuseme mmeandika kuwa unatembea. Kampuni itakupa chumba cha kawaida, na kabini za kawaida katika meli nyingi zina milango myembamba, wastani wa inchi 22 au 23. Chukua futi ya cherehani sasa hivi upime kiti chako pale penye upana kuliko pote, yaani kutoka ukingo wa gurudumu mpaka ukingo wa gurudumu, wala si kalio la kiti. Viti vingi vya watu wazima ni inchi 24 au 25. Maana yake kiti kitabaki ukumbini, na ukumbini hawaruhusu kuachwa kitu kwa sababu ni njia ya kukimbilia moto ukizuka. Ukiingia na magongo, bafuni utakuta kizingiti kilichoinuka ili maji yasitoke, na pa kuogea pamebana, huna pa kukaa wala pa kushika. Siku saba, dada, na meli yenyewe inayumba. Ni nani atakuvusha kile kizingiti alfajiri ukitaka kutawadha? Mwanao amesema watakubeba wakifika kwenye shida. Kwa chumba cha namna hiyo shida itaanza siku ya kwanza, kabla Texas haijapotea machoni.

Ukiandika kweli, unaomba chumba kilichotengenezwa kwa mtu wa kiti: mlango wa inchi 32 hivi, bafu lisilo na kizingiti, kiti cha kuogea, vyuma vya kushika ukutani, nafasi ya kugeuza kiti. Humo unaishi mwenyewe, kama unavyoishi kwako Houston. Tatizo lake ni kwamba meli yenye mamia ya vyumba huwa na vichache tu vya aina hiyo, na huisha mapema. Ndiyo maana kuchelewesha fomu kuna hatari kuliko kuijaza. Inawezekana mkaambiwa vimekwisha, au kilichobaki kiko sitaha nyingine mbali na watoto, au ni kile cha nusu nusu chenye vyuma vya kushika lakini mlango mwembamba. Kwa hiyo asikutosheleze wakala anayesema "ndiyo, kipo". Aulizwe upana wa mlango wa chumba, upana wa mlango wa bafu, na kama kiti kinaingia mpaka chini ya bomba la mvua. Majibu ayatume kwa maandishi. Kampuni kubwa za meli zina ofisi maalumu ya abiria wenye ulemavu. Usiridhike kuzungumza na wakala peke yake, omba namba ya ofisi hiyo uwapigie wewe. Kazi yako ni kuzungumza kwa niaba ya wengine kwenye simu, mara hii zungumza kwa niaba yako.

Hofu ya kukataliwa naielewa, na haikutoka hewani. Zamani walikuwa wakifanya hivyo. Tena kesi iliyotikisa mambo ilianzia mji wenu huohuo. Abiria wenye ulemavu waliokata tiketi za meli za Norwegian Cruise Line zinazoondoka Houston, mwaka 1998 na 1999, waliishtaki kampuni hiyo. Walidai walitozwa fedha za ziada, walitakiwa wasafiri na mtu wa kuwaangalia, na melini walikuta vikwazo huku na huku. Kampuni ikajibu kwamba meli zake zina bendera ya nchi nyingine, kwa hiyo sheria hiyo ya Marekani haizigusi. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2005 ikaamuliwa kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayolinda watu wenye ulemavu inazigusa hata meli za bendera ya kigeni zikiwa kwenye maji ya Marekani. Mahakama iliweka mpaka: meli hailazimishwi kubomoa na kujenga upya kwa namna itakayoharibu usalama wake. Kisha mwaka 2010 Wizara ya Uchukuzi ikatoa kanuni za vyombo vya majini, kwamba abiria asikataliwe kwa sababu tu ya ulemavu wake wala asitozwe nauli ya juu kwa sababu hiyo. Sisemi kwamba karatasi za Washington zinamfanya kila mfanyakazi wa bandarini awe na adabu. Nasema tu kwamba unapoijaza fomu ile huombi hisani.

Haya, kupanda. Galveston meli inafunga gatini. Abiria wa viti mara nyingi huitwa mapema, hupanda lifti za jengo la abiria, kisha hupita daraja lililofunikwa lenye mteremko. Mteremko wenyewe hubadilika kadiri meli inavyopanda na kushuka na maji, kwa hiyo unaweza kukuta ni wa kawaida au ni mkali wa kuhitaji mtu wa kusukuma nyuma. Kusukumwa, si kunyanyuliwa. Roatán na Cozumel pia meli hufunga gatini. Huko jiandae kwa urefu wa gati zenyewe, maana zimejengwa kuingia ndani ya maji, na jua la pale halina msamaha. Glavu za kusukumia zichukue.

Belize ni habari nyingine, na wakala wako amesema kweli. Bahari mbele ya Belize City ni ya maji machache, ina matumbawe, meli kubwa haisogei. Hutia nanga maili kadhaa nje, na boti za kasi za wenyeji huja kuchukua watu. Pale pana pengo kati ya meli na boti, boti inapanda na kushuka na mawimbi, na mara nyingi pana vidato vya kuingilia. Kampuni nyingi zimeandika kwenye masharti yao kwamba mtu wa kiti atashuka tu ikiwa anaweza kupiga hatua mwenyewe kuvuka, na kwamba wafanyakazi wao hawaruhusiwi kumnyanyua abiria. Neno la mwisho ni la nahodha, kutegemea bahari ilivyoamka siku hiyo.

Umelisoma hilo vizuri? Wafanyakazi hawaruhusiwi kukunyanyua. Wale wachukuzi wanne unaowaogopa huenda hawapo kwenye safari hii hata kidogo. Nimerudi kwenye barua yako kutafuta ni nani basi aliyesema atakubeba, nikamkuta mmoja tu: mwanao wa kwanza.

Hapa ndipo tunapofika kwenye lile zito, na naomba unisikilize kwa subira, kwa maana sikukusudia kumsema mwanao. Kijana anayesema "tutakubeba wenyewe" anadhani amekupa heshima kubwa. Kwake ni kusema mama hatakosa kitu sisi tukiwa hai. Hajui kwamba kwako neno hilo lina vyuma vilivyo wazi na foleni ya watu. Au pengine anajua? Umesema alikuwepo, ameukumbatia mkoba. Mtoto wa miaka sita haoni mambo kama mtu mzima, lakini anaona. Inawezekana kabisa kwamba yale unayoyaita siri yako, yeye amekaa nayo miaka yote hii kwa namna yake, na kwamba "tutakubeba wenyewe" ni jibu la mtoto aliyesimama pale na hakuweza kufanya kitu. Inawezekana pia hakumbuki lolote. Mimi sijui, na barua yako haisemi. Kuna mtu mmoja wa kuulizwa.

Umeandika kwamba huwezi kuwaambia kwa sababu ni aibu yako. Niruhusu nikuulize taratibu: aibu ile ni ya nani? Watu wanne walimshika mwanamke bila idhini yake, wakamwita mgonjwa, wakamvunjia stara, wakamlipisha. Katika hao watano, unaibeba wewe. Sikuambii uiache leo, mambo ya mwili na stara hayaachwi kwa kuambiwa. Nakuuliza tu kama umewahi kuisimulia kwa sauti, hata kwa marehemu. Na si lazima uwasimulie wote watatu na kila kipande. Kwa kijana wako huenda ikatosha kumwambia, "Mwanangu, siku ile ya boti iliniumiza, sitaki kunyanyuliwa na mtu, hata wewe." Mengine akiyauliza utaona.

Yapo mashaka katika njia hiyo, sitakuficha. Anaweza kulia, anaweza kuona umemkataa. Anaweza kuchukua simu akafuta safari nzima kwa uchungu, ukabaki na hatia mpya. Ukichagua kuzungumza naye, chagua na wakati, wasiwepo wageni, na mwambie mapema kwamba humwelezi ili afute kitu.

Binti yako naye nimwangalie. Anataka ukweli kwenye fomu, na hapo yuko upande wako. Ila ameongeza mlinzi, bila kukuuliza kama unamhitaji. Labda kazini kwake nesi haachi mgonjwa peke yake, na wewe si mgonjwa wake. Hata hivyo usilitupe wazo lote. Yako maswali ya haki ndani yake. Unasema mguu wa kulia unakusaidia kusimama. Je, unakusaidia leo kama miaka kumi iliyopita? Watu waliougua polio utotoni wengi huanza kuchoka upya wakifika umri wetu, misuli iliyokuwa mizima inalegea, na mabega yaliyofanya kazi ya miguu yanauma. Madaktari wanalijua jambo hilo. Kama umeliona kwako, lingetajwa kwa daktari kabla ya safari, si baada yake. Kumwalika mdogo wako aje kama dada, mcheke usiku na mkumbushane ya Tanga, ni tofauti na kumleta kama mtunzaji. Ukimtaka kwa lile la kwanza, sema. Usipomtaka, sema pia.

Jambo moja liko ambalo huwezi kulikwepa, na ni afadhali ulisikie kwangu kuliko kwenye kipaza sauti cha meli. Ikitokea hatari ya kweli, moto au meli kuvuja, lifti huzimwa. Hapo mtu asiyeshuka ngazi hushushwa na wafanyakazi kwa kiti maalumu cha kuokolea, au kwa mikono. Ndiyo, kubebwa. Meli huweka orodha ya abiria wanaohitaji msaada huo na huwapangia pa kukutania. Ukiandika unatembea, jina lako halimo kwenye orodha hiyo, na wanao watatu ndio watakaohangaika nawe kwenye ngazi za moshi. Kiapo chako kinaihusu na hali hiyo? Ni wewe uliyekiapa, wewe ndiye unayejua kilikusudia nini. Jiulize ukiwa umekaa kwako, umetulia.

Kwa hiyo naona njia kadhaa mbele yako. Unaweza kwenda kwa ukweli, chumba sahihi, halafu siku ya Belize ukabaki melini kwa hiari yako. Umeita hivyo kufungiwa. Mimi nawajua watu wasio na ulemavu wowote wanaobaki siku kama hiyo makusudi, kwa sababu meli inatulia, bwawa liko wazi, na meli nyingi zina kiti cha kushushia mtu majini, ukiuliza mapema wanakuandalia. Lakini kubaki kwa hiari na kubaki kwa kuzuiwa haviumi sawa, nami sitakulazimisha uone ni kitu kimoja. Watoto waende Belize warudi na hadithi. Wana haki yao ya kutembea, nawe huna deni la kuwa nao kila bandari.

Unaweza pia kuwaomba wabadili safari kabla malipo hayajakamilika. Kutoka hapohapo Galveston ziko safari fupi za Cozumel na Costa Maya, bandari zote mbili meli inafunga gatini. Mtakosa siku mbili tatu na huenda mkapoteza sehemu ya amana. Kitinda mimba aliyetoa fedha nyingi aulizwe waziwazi kuhusu hilo. Huyo anayekuangalia usoni bila kusema, nahisi anasubiri mtu amuulize kitu.

Unaweza kutaka kujaribu Belize yenyewe, nani kasema huwezi? Mtu anayejihamisha kwenye kiti cha ndege ana mikono ya kufanya makubwa. Lakini iulize ofisi ya meli mambo mahususi: boti za pale zina njia ya kusukumia kiti? Vidato ni vingapi? Kiti kitafuata wapi? Ni nani atakayenishika mkono, na naweza kuchagua awe mwanamke au mwanangu? Kushikwa kiwiko kwa sekunde moja na mtu uliyemwambia "nishike hapa" je, kwako kumo ndani ya kiapo? Na ujiwekee tangu nyumbani kwamba nahodha akisema bahari imechafuka, hakuna kubishana wala watoto kuingilia.

Na unaweza kusema hapana. Hiyo nayo ni njia kamili. Ukiichagua, isemwe mapema ili fedha zao ziokoke kadiri inavyowezekana, na isemwe pamoja na sababu yake, kwa sababu ukiwapa kisingizio cha kichefuchefu watakununulia dawa na kukukatia tiketi ya mwaka unaofuata.

Kabla hujaamua, kuna jaribio dogo la bei ya bure. Pale Galveston kuna kivuko cha jimbo kinachovusha magari kwenda Bolivar, hakitozi nauli, na kwenda tu ni dakika 18 hivi. Unaingia na gari lako mwenyewe, unaendesha mwenyewe mpaka ndani, na si lazima hata ushuke. Hujapanda chombo cha majini tangu siku ile. Pengine itakufaa kuona mwili wako unasemaje ukiwa juu ya maji, usukani ukiwa mkononi mwako, kabla hujaingia kwenye mji unaoelea. Nenda peke yako, au mchukue yule wa kwanza akae kiti cha abiria. Mazungumzo mengine huwa mepesi watu wakiwa wanatazama mbele.

Yapo madogo ya kumalizia. Kagua bima yako ya afya kama inafanya kazi nje ya Marekani. Nyingi hazifanyi, na daktari wa melini hulipwa. Bima ya safari ikinunuliwa mapema baada ya amana huwa na nafasi nzuri ya kukubali hali uliyokuwa nayo tangu awali, basi masharti ayasome huyo binti nesi, kazi hiyo ndiyo inayomfaa. Beba vipuri vya kiti, mpira wa akiba na funguo zake. Gurudumu likitoboka Cozumel utafurahi. Na kwa vazi, mshono wa suruali pana chini ya dera utakupa amani ambayo kanga haikukupa. Hilo si kwa ajili ya wanaotazama, ni ili mikono yako miwili ibaki kwenye magurudumu.

Ukipata majibu ya ofisi ya meli, na ukizungumza na kijana wako, niandikie tena vyovyote itakavyokuwa. Na kama utakwenda, ile futi ya cherehani itie mkobani, unipimie mlango wa bafu. Wako wasomaji wengine wa viti wataniuliza.